Usiku kaka alipofumua nembo

Jezi ile kaka aliinunua mtumbani, soko la Mwanga, mwaka niliokuwa darasa la saba. Ilikuwa na mistari mipana ya bluu na damu ya mzee, mgongoni imeandikwa ETO'O, straika wa Barcelona kutoka Kameruni, na namba 9, na kifuani upande wa moyo nembo ya Barcelona imeshonwa kwa uzi, si ya kubandika. Mama aliianika kwa kuigeuza ndani nje ili jua lisile zile herufi. Ziwani kaka hakwenda nayo hata siku moja. Ilikuwa ya mechi na ya sikukuu.

Kwetu ni Kibirizi, pale boti za dagaa zinapopaki, Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani: wakati ule karabai zilikuwa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linakuwa na mwanga na taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo tunaziita mbalamwezi. Nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa, ndoa zinafungwa, na mabanda ya video yanajaa hadi watu wanasimama mlangoni.

Fainali ya Ulaya ya Roma, Barcelona na Manchester United, Mei 27, 2009, ilikuta giza zuri la kuvua. Kaka akaacha kwenda. Aliwaambia wenzake wa boti wasimhesabu usiku ule, akakosa mgawo wake, tukaenda banda la video tukiwa wawili. Dakika ya 10 Eto'o akamkata beki Vidić ndani ya boksi, akampiga kipa Van der Sar kwenye nguzo ya karibu. Banda zima lilisimama. Kaka alibaki kwenye benchi, amenikamata bega, na hakuniachia mpaka mpira ulipowekwa tena katikati. Barcelona ilimaliza msimu na makombe matatu, na Eto'o peke yake alikuwa na mabao 30 kwenye ligi. Huyo ndiye mtu ambaye mwaka mmoja kabla, kocha Guardiola alipokabidhiwa timu, alitangaziwa kuwa hayumo kwenye mipango. Alibaki, akafunga.

Habari ya kubadilishana tuliisikia redioni mwishoni mwa Julai: straika Ibrahimovic anatoka Inter ya Italia kwenda Barcelona, Eto'o anakwenda Inter. Kaka alikuwa ndiyo anarudi ziwani, akaambiwa palepale mwaloni, boti zinaposhukia. Alisema tu, "Tusubiri gazeti." Magazeti wakati huo yalitufikia yamechelewa, na kaka alipenda nimsomee mimi. Kusoma alijua, ila alisema nikisoma mimi habari inakaa.

Gazeti nililolipata lilikuja siku za mbalamwezi ya Agosti. Kwa hiyo sikumsomea peke yake. Nililisoma nje ya kibanda cha mzee mmoja fundi karabai, jioni, mbele ya watu wasiopungua ishirini: wavuvi, wapagazi wa bandarini, vijana wa Manchester waliokuwa bado na uchungu wa Roma, na mfanyabiashara mmoja wa mawese aliyevuka kutoka Kalemie, upande wa Kongo. Nilikuwa kidato cha tatu, nimo kwenye timu ya mdahalo shuleni, na nilikuwa nimejiandaa.

Nikasoma. Barcelona imempata Ibrahimovic kwa kumtoa Eto'o pamoja na yuro milioni 46.

"Soma tena hapo," akasema mzee.

Nikasoma tena.

"Pamoja na?"

"Pamoja na yuro milioni 46, mzee."

Mzee alikuwa anafunga utambi mpya kwenye karabai. Akauacha. "Mwanangu, mimi nikija na karabai yangu, wewe na yako, tukabadilishana moja kwa moja, hapo tumeheshimiana. Nikikupa yangu halafu nikaongeza na hela juu, nimetangaza mbele za watu kwamba yangu ni mbovu."

Yule wa Kalemie akapiga paja. "Eto'o ni wa kwetu! Wa kwetu haongezewi makuta!"

Kelele zikaanza. Mmoja anasema mpira ni biashara, mwenye hela anaamua. Mwingine anauliza inakuwaje aliyefunga 25 Italia awe ghali kuliko aliyefunga 30 Hispania. Kijana wa Manchester akasema Barcelona wamepigwa mchana kweupe. Watu wakamgeukia kaka, maana yeye ndiye aliyekuwa na jezi mwilini, lakini kaka aliniangalia mimi. Alikuwa anangoja nimsemee. Hilo nimelielewa baadaye sana. Siku ile niliona nimepewa jukwaa.

Nikasimama upande wa Barcelona. Nikawakumbusha nusu fainali ya Stamford Bridge, jinsi Chelsea walivyoziba njia zote, pasi zinazunguka tu nje ya boksi, hadi Iniesta akatuokoa dakika za nyongeza. Timu fupi ile, nikasema, inahitaji mtu wa kumtupia mpira wa juu, na Ibrahimovic ana mita 1.95. Nikasema mabao 25 ya Italia, kwenye ligi ya kukaba vile, si madogo mbele ya 30 ya Hispania. Hoja zangu zilikuwa na mashiko, hata leo naona hivyo. Wapagazi wakanipigia makofi. Makofi yakanipandisha, nikamalizia kwa kusema, "Barcelona haijapoteza kitu. Imemtoa aliyechoka."

Kaka akaniuliza taratibu, "Eto'o ana miaka mingapi?"

"Ishirini na nane."

"Na huyo mrefu?"

Hapo nikakwama, kwa sababu nilijua. Wote wawili wamezaliwa 1981, Eto'o Machi, Ibrahimovic Oktoba. Wamepishana miezi isiyotimia saba. Na kaka yangu naye amezaliwa 1981. Miaka kumi alikuwa anavuta wavu usiku, ada yangu ilitoka humo, na asubuhi nyingi alikuwa akishuka kwenye boti ameshika kiuno.

"Miaka ishirini na nane, ndiyo kachoka?"

Sikumjibu.

Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo. Alisema kuhusu Zaragoza, Februari 2006, mashabiki walipomlilia Eto'o sauti za nyani mpaka akataka kutoka uwanjani, kocha na wachezaji wakamfuata kumbembeleza, akarudi, wakashinda. "Yale aliyamezea jezi gani? Si hii?" Akajishika kifuani. "Amewapa fainali mbili, kafunga zote mbili. Sasa wanamtoa, na hela juu, kama mtu anayelipia kuondolewa mzigo."

Mpagazi mmoja akamwambia, "Lakini ndugu yangu, wewe unashabikia timu au unashabikia mtu?"

Kaka akavua jezi. Akamwomba mzee wembe.

Mzee alisita kidogo, akampa. Kaka akakaa kwenye kigoda, akaitandika jezi gotini, akaanza kufumua nembo, uzi mmoja mmoja. Hakuwa na haraka wala hasira, alifanya kama anavyofumua wavu ulioshika kijiti, akiinua uzi kwa ncha ya wembe, anauvuta, anaupuliza. Vipande vya uzi vikabaki kwenye suruali yake. Watu waliacha kubishana. Nembo ilipotoka, chini yake mistari ilikuwa na rangi kali kuliko jezi yote, kwa sababu jua na sabuni havikuwahi kufika pale. Akamkabidhi mzee wembe na ile nembo, akaivaa jezi. Mgongoni ETO'O, 9. Mbele, alama ya ngao isiyo na kitu.

"Mimi naenda na mtu wangu," akasema, akaondoka.

Baada ya siku ile hakuniomba tena nimsomee gazeti. Hakununa wala hakuninyima kitu, ada ya Januari alinipa mkononi kama kawaida, ila habari za mpira aliziuliza kwa wengine. Niliumia na sikujua pa kuanzia.

Halafu Inter na Barcelona wakakutana nusu fainali ya Ulaya. Mechi ya Milan, Aprili 20, 2010, Barcelona ilisafiri kwa basi kwa sababu jivu la volkano ya Iceland lilikuwa limefunga anga ya Ulaya. Inter ikashinda 3-1. Kaka alikuwa ziwani usiku ule. Alfajiri nilimsubiri mwaloni, nikampungia vidole vitatu na kimoja boti ikiwa bado haijagusa mchanga.

Marudiano Aprili 28 yaliangukia mbalamwezi yenyewe, mwezi mpevu kabisa. Saa nne kasorobo usiku hakukuwa na taa hata moja ziwani, wavuvi wote walikuwa bandani. Mimi nilibaki Barcelona, sikutaka kujifanya mwingine, lakini nilikaa benchi moja na kaka. Motta akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Inter wakabaki kumi. Na Eto'o, straika wa mabao 30, akarudi nyuma kuwa kama beki wa pembeni. Dakika baada ya dakika alikuwa kwenye kona yake anakaba, anarukia mpira, anakimbizana na watoto. Ibrahimovic akatolewa kipindi cha pili. Piqué akafunga la kwetu, mimi nikasimama, kaka hakuangalia upande wangu. Bojan akafunga tena mwishoni, bao likakataliwa kwa kuwa mpira ulikuwa umemgusa Yaya Touré mkononi. Filimbi ikalia, 1-0, Inter imepita kwa jumla ya 3-2.

Kaka alikuwa na jezi ileile. Kwenye mwanga wa televisheni ile alama ya ngao kifuani ilikuwa bado inaonekana. Tulitoka nje, mwezi umetanda juu ya maji mpaka milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Tukatembea kimya hadi karibu na nyumbani.

"Gazeti likija," akasema, "unisomee. Lote."