Mgao wa Pili

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha bara ya Kilifi, mbali kidogo na soko la Bamba. Mvua za vuli za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekatika mapema, na masika yakaja kwa manyunyu ambayo hayakutosha kuotesha mahindi, sembuse kuyakomaza. Tarehe 30 Mei Rais Mwai Kibaki alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kulijua janga hilo muda mrefu kabla ya tangazo. Silanga la kijiji lilikuwa limebaki tope, mbuzi walikuwa wameuzwa kwa bei ya kutupa, na watu waliingia kuchoma makaa kwa wingi hata bei ya gunia la makaa ikashuka wakati uleule bei ya unga ilipokuwa ikipanda.

Kama mwalimu, nililoliogopa zaidi ni likizo ya Agosti. Shuleni watoto walipata mahindi na maharagwe kila mchana, na kwa wengi wao hicho ndicho chakula pekee walichokuwa na hakika nacho, kwa hiyo kufungwa kwa shule kulimaanisha kufungwa kwa jiko. Habari zilipofika kwamba kijiji chetu kimeingizwa katika mpango wa chakula cha msaada kwa kaya, nikaombwa niwe mwandishi wa kamati, nilikubali palepale.

Chakula hicho hakikugawiwa na chifu. Baraza liliitwa, wanakijiji wakachagua kamati yao wenyewe, wengi wa wajumbe wakiwa wanawake kama kanuni zilivyotaka, kisha kamati ikaandaa orodha ya kaya na kuirudisha barazani isomwe jina kwa jina mbele ya watu wote. Vigezo vilieleweka: wajane, wazee wasio na wa kuwatunza, kaya zinazolea yatima, wagonjwa wa muda mrefu, walemavu, na wale waliokuwa hawana tena mfugo hata mmoja. Nafasi tulizopewa, hata hivyo, hazikufika nusu ya kaya za kijiji. Kazi ya vigezo vile ikawa kuwapanga wenye njaa kwa madaraja, kwa sababu mwenye shibe hakuwapo.

Naamini mpaka leo kwamba kusoma majina hadharani ni jambo la haki, maana linazuia upendeleo na kumpa kila mtu nafasi ya kupinga. Lakini ni jambo zito kulishuhudia. Nakumbuka mama mmoja mwenye watoto watano ambaye jina lake liliondolewa kwa hoja kwamba ana mume Mombasa. Ni kweli mume alikuwako Mombasa, akifanya vibarua, na tangu Pasaka alikuwa hajatuma hata shilingi moja. Mama huyo alisimama, akajifunga leso yake upya, akaketi bila kutia neno. Jirani yake, ajuza aliyelea wajukuu na ambaye kijiji kizima kilimwita Hawe, aliomba jina la mama huyo lirudishwe. Akajibiwa kwamba likirudi moja, lazima jingine litoke.

Siku ya mgao lori lilifika kabla ya adhuhuri. Magunia ya mahindi ya kilo 50 yalishushwa, yakafuatwa na njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia, na unga wa mahindi uliochanganywa na soya, ambao ulitengwa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Wajumbe wa kamati walipima, mimi niliita majina, na kila mkuu wa kaya alitia kidole gumba katika wino na kukibandika kwenye daftari. Watu walikingia mapakacha, ndoo na leso. Hapakuwa na msukumano wala kelele, na waliokuwa nje ya orodha walikaa kando wakitazama, wengine wakisaidia kubeba magunia ya wenzao.

Lori lilipokwisha kuwa tupu, afisa wa shirika lililoleta chakula, kijana mwangalifu aliyehesabu kila kitu mara mbili, aliniomba nimzungushe kijijini akaone jinsi chakula kinavyofika majumbani. Hatukwenda mbali. Chini ya mkwaju ulio nyuma ya madarasa, akina mama wa upande ule wa kijiji walikuwa wameketi duara kuzunguka leso iliyotandazwa, na kila aliyepokea mgao alikuwa akimimina juu yake vibaba kadhaa vya mahindi na njegere. Hawe alishika kopo. Alipima, akaita, na walioitwa safari hii ni wale ambao daftari langu halikuwa na majina yao. Mama wa mume wa Mombasa alikuwa miongoni mwao.

Afisa alisimama kwa muda, kisha akachutama kando ya Hawe na kusema naye kwa adabu.

"Nyanya, chakula hiki tumekipima kwa hesabu ya watu wa nyumba yako. Ukikipunguza, wajukuu wako hawatafika nacho mwisho wa mwezi."

Hawe hakuacha kupima. "Mwanangu, hesabu yako naiheshimu. Mwaka 1984, yalipoletwa mahindi ya njano, mimi sikuandikwa, na mama mkwe wa huyu alinipa. Leo niwashe moto nipike, yeye aletewe moshi tu? Na mwezi ujao akiandikwa yeye nikaachwa mimi, nitakwenda kwa nani?"

Afisa alinigeukia na kunitaka niwaonye watu, kwa kuwa mtu anayegawa chakula cha msaada huonekana kwamba hakukihitaji. Nilimjibu kwamba siwezi kulisema hilo mbele ya watu ninaowajua. Hoja yake, lakini, haikuwa ya kupuuzwa. Mgao kamili wa msaada hukadiriwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na ukigawanywa mara mbili mtoto mdogo ndiye anayedhoofika kwanza. Ndipo Hawe, ambaye alikuwa akitusikiliza, akamwambia atazame vizuri kilichokuwa juu ya leso. Palikuwa na mahindi na njegere peke yake. Akina mama walikuwa wamekubaliana wenyewe, bila kuelekezwa na kamati wala na mtu yeyote, kwamba unga wa watoto haumiminwi.

Nimesikia baadaye watu wakiuita ugawaji wa namna ile upotevu, kama wanavyomlaumu mwanamke anayeuza kikombe cha mafuta ili alipie kusagiwa mahindi, kana kwamba mahindi hujisaga yenyewe. Sikubaliani nao. Kijiji kile kiliishi kwa kushirikiana kabla lori halijafika, na kilijua kwamba kitaishi hivyo litakapoacha kuja. Mwezi Julai, wakati Wakenya walipokuwa wakichanga kwa M-Pesa katika kampeni ya Kenyans for Kenya, wazee wawili walinijia shuleni na shilingi ishirini kila mmoja, wakitaka niwatumie kwa ajili ya watu wa Turkana, ilhali wao wenyewe walikuwa wakilalia uji mwepesi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwekea mlinzi asimpe jirani yake.

Fomu ya taarifa ya mwezi ilikuwa na safu za magunia yaliyopokewa, yaliyogawiwa na yaliyoharibika, na haikuwa na mahali pa kuandika tulichokiona chini ya mkwaju. Jioni ile kamati ilikaa nyumbani kwa mwenyekiti, tukaandika nyuma ya fomu majina ya kaya zote zilizopokea katika mgao wa pili, pamoja na kiasi, na tukaomba nafasi za kijiji ziongezwe. Baadhi ya wajumbe walihofia kwamba tukiandika ukweli tutapunguziwa chakula. Mjumbe mmoja mjane aliwaambia kwamba mwenye kutoa akijua kinakoishia chakula chake, atajua pia kwamba hakitoshi.

Asubuhi afisa aliisoma karatasi amesimama kando ya gari, akauliza mama wa mume wa Mombasa ana watoto wangapi walio chini ya miaka mitano, akaandika. Mwezi uliofuata tuliongezewa nafasi chache, na jina la mama huyo likasomwa barazani bila pingamizi. Waliobaki nje ya orodha waliendelea kupokea kutoka kwa jirani zao hadi mvua za vuli ziliponyesha. Mwaka ule zilinyesha kwa wingi, na kabla ya Krismasi tulikuwa tukichuma majani ya kunde mashambani.