Herufi moja ilivyozuia fidia ya mguu wangu

Mguu niliumia Mogadishu, kwenye kikosi cha Uganda cha kulinda amani. Nilipodai fidia ya ulemavu, faili likarudi: "Majina hayalingani." Karani wa jeshini aliandika jina langu alivyolisikia, "r" ikawa "l", kitambulisho cha taifa kina "r". Herufi moja tu!

Sikugombana dirishani. Niliomba sababu kwa maandishi, nikaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yangu, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akanigongea muhuri barua. Kilichoniokoa hasa ni fomu ya bodi ya madaktari: namba yangu ya jeshi haikukosewa popote.

Rufaa niliipeleka mwenyewe, nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. "Afande, umekuwa karani," kijana wa mapokezi akacheka. Baada ya miezi mitano, simu ikaita.