Siku moja maishani mwangu: dereva wa njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Morogoro

Saa 10 na nusu alfajiri nishaamka, naswali, natoka kucheki gari: maji ya rejeta, oili, upepo, spea. Mafuta nlijaza fulu tangi jana jioni. Wageni wa leo ni mwalimu mstaafu wa historia na mkewe, wametoka Dar, wanataka kuifuata njia ya zamani ya misafara kwa gari, mi nawafikisha Morogoro.

Saa 1 nawachukua gesti. "Shikamoo mwalimu, shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, tunaanzia wapi?" Mwalimu ana kitabu cha watalii kimejaa vikaratasi vya rangi, na kitabu kinasema tuanzie mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima zote, pale tutafika ila tuanze na waliobeba mizigo.

Saa 2 Kaole, tumepita chapuchapu, magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliondokea huku 1857. Jua likaanza kupanda tukarudi mjini.

Saa 3 na nusu Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, na hapa ndo sinaga haraka. Wanyamwezi walikuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu, wanapanda bara na vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya wa shaba, na njia hiyohiyo ilileta watu wamefungwa minyororo kuja kuuzwa, hilo huwa nalisema wazi na silipunguzi. Mzigo wa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa msafara, ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, mpaka Tabora miezi mitatu, Ujiji ni kilometa kama 1,200 toka hapa. Kwenye buti la gari ninacho kiroba cha mchanga cha uzito huohuo. Mwalimu akakipiga begani, akaenda nacho mpaka getini akakishusha, shati limelowa. Mama alikuwa kimya muda wote, akavua mtandio akausokota kata, akasema "nitwike". Nikamtwika. Akazunguka ua mzima mikono iko chini, shingo imenyooka, alivyorudi akasema babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi, kwao Tabora, na nyumbani walikuwa wanaelezwa kwamba bega lake moja lilikuwa na sugu mpaka anazikwa. Mwalimu akatoa kalamu akaandika pembeni mwa ukurasa. Kile kitabu wapagazi kimewapa mstari mmoja tu, jamani, mmoja!

Saa 5 Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Mwili wa Livingstone uliletwa hapa Februari 1874, ukalala kanisani. Ila alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na walioubeba miezi tisa ni watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao, kwa miguu, na kwenye maziko Westminster Abbey wao wawili hawakuwepo. Mama akaomba tukae kidogo pale kwenye benchi, tukakaa.

Saa 6 na nusu tunaitafuta Msata. Lami haifuati ile njia hatua kwa hatua ila mto Ruvu tunauvuka kama watu wa misafara walivyouvuka, wao kwa mitumbwi sisi darajani. Kilometa 64 mpaka Msata, msafara ulikuwa unakwenda kama 15 kwa siku, kwahiyo sisi hatujamaliza hata soda wao wangekuwa wamelala njiani siku nne. Vijijini 50, tochi zipo.

Saa 8 na nusu Chalinze, wali nyama na mchicha.

Saa 10 Mikese. Kitabu hakiitaji kabisa, wakati Stanley, mwandishi aliyekwenda kumtafuta Livingstone, 1871 alipita hapa na wasafiri wa zamani wameiandika, nikasimamisha gari tukashuka, mwalimu akapiga picha kibao. Saa 11 Morogoro, nikawashusha gesti, mama akanishika mkono kwa mikono miwili.

Saa 4 usiku niko Bagamoyo, simu inaita, mwalimu. Kesho wanaendelea na dereva mwingine Mpwapwa halafu Dodoma, kasoma kuhusu Marenga Mkali, anauliza ikoje. Nikamwambia ndo kipande kilichoogopwa kuliko vyote, kilometa karibu 50 hakuna maji, misafara ilikuwa inajaza vibuyu inaondoka mchana, inalala porini bila kisima, alfajiri inamalizia, na aliyechoka na mzigo pale alikuwa matatani kweli. Siku hizi kuna vijiji na barabara ila kwa gari bado pakavu, kwahiyo mwambie dereva abebe dumu mbili za maji, moja ya kunywa moja ya rejeta, na mpite kabla ya saa 5. Akasema subiri naandika, nikasikia mama nyuma anamuuliza kama kiroba cha mchanga wanaweza kukipata huko huko Morogoro.