Kiganja cha Mdogo Wangu

Jana binti yangu aliniuliza swali ambalo nimelikwepa miaka yote: "Mama, mbona sisi hatujawahi kwenda kutazama fataki za mwaka mpya mjini kama wenzetu?" Nilikuwa nakunja nguo. Nikamjibu kwamba hata dirishani zinaonekana vizuri. Akaondoka bila kubisha, na kule kutobisha kwake ndiko kulikoninyima usingizi.

Nilikuwa na miaka 19, mdogo wangu 9. Mama alituruhusu kwa sharti moja tu, nisiuachie mkono wake. Tulifika mapema, tukahesabu sekunde, fataki zikapasuka, watu wakakumbatiana. Hayo nayakumbuka kwa mbali.

Ninachokikumbuka ni njia ya kutokea. Vizuizi vya chuma viliacha mwanya mmoja na sote tukaelekea huko. Mbele yetu vijana wawili wakashikana mashati. Chupa ikavunjika. Mtu akapaza sauti kwamba kuna kisu, na waliokuwa mbele wakarudi nyuma huku wa nyuma, wasiojua lolote, wakizidi kutusukuma.

Sikukanyaga chini tena. Miguu ilining'inia, nikawa nabebwa na miili ya watu. Uso wangu ulizama kwenye nywele za mwanamke aliyekuwa mbele yangu; zilinuka mafuta na baruti. Nilitoa pumzi, na nilipotaka kuivuta nyingine kifua kikakataa kupanuka. Kukawa kimya. Hakuna aliyebaki na hewa ya kupigia kelele. Kiganja cha mdogo wangu kilikuwa ndani ya changu, kimelowa jasho. Kisha vikabaki vidole vinne. Kisha viwili. Kisha mkono wangu ukawa mtupu.

Mwanamume mmoja alimnyanyua, na watu wakampokezana juu ya vichwa hadi ng'ambo ya kizuizi. Nilimkuta karibu saa moja baadaye, ana kiatu kimoja.

"Dada, mbona uliniachia?"

"Ulichomoka," nikamwambia.

Sasa ana watoto wake. Hatujawahi kulizungumza tena.

Tangu usiku ule, habari za namna hii hazinipiti. Shanghai, mkesha wa kuingia 2015, watu 36 walikufa kwenye ngazi za kando ya mto. Itaewon jijini Seoul, Oktoba 29, 2022, sherehe za Halloween: waliohesabiwa kufa ni 159, kwenye kichochoro chenye upana wa mita 3 hivi. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi kwamba watu watabanwa ilipigwa saa 12 na dakika 34 jioni. Maafa yenyewe yalikuja saa 4 na robo usiku. Zaidi ya saa tatu na nusu! Hilo linaniuma kuliko yote.

Na huwa tunasema "mkanyagano", kana kwamba watu waligeuka wanyama wakakanyagana. Wengi hufa wamesimama, kwa sababu kifua hakina pa kupanukia. Wakizidi watano au sita kwenye mita moja ya mraba, hakuna tena anayeamua aende wapi. Usiku ule sote tuliogopa kisu. Idadi yetu haikumtisha mtu.

Leo asubuhi nilimsimamisha binti yangu kwenye korido. Nikamwonyesha namna ya kuweka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi. Nikamwambia kiatu kikivuka asiiname, na asishindane na msukumo, bali kila ukitulia asogee kimshazari kuelekea pembeni. Alifanya yote kwa makini. Kisha akaitazama mikono yake iliyokunjwa kifuani.

"Sasa Mama, wewe nitakushikaje?"