Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963 mbele ya televisheni ya Uingereza

Nikitakiwa kuchagua Jumamosi moja tu ya televisheni ya Uingereza kabla ya rangi kuingia, nitachagua tarehe 23 Novemba 1963. Rais John F. Kennedy alikuwa ameuawa Dallas siku iliyotangulia, na habari ziliifikia London jioni ya Ijumaa, wakati familia nyingi zimeshakaa kuangalia vipindi. Kesho yake BBC ilikuwa na ratiba iliyopangwa zamani, ikiwemo hadithi mpya ya watoto, na ikabidi iamue lipi liendelee na lipi liachwe. Kilichobaki cha siku hiyo kwenye filamu ni kidogo, lakini kinatosha kuonyesha ustadi uliotumika kuipanga Jumamosi ya wakati ule, na jinsi wenyewe walioitengeneza walivyoichukulia kuwa kitu cha kuonekana mara moja kikapita.

Mtazamaji wa siku hiyo alikuwa na chaneli mbili, BBC na ITV. BBC2 ingeanza Aprili 1964. Picha ilikuwa ya mistari 405, nyeusi na nyeupe, na seti ilipowashwa ilibidi ipate moto kwanza ndipo sura zianze kujitokeza, na ilipozimwa picha ilinywea katikati ya kioo ikawa nukta nyeupe iliyochukua muda kufifia. Hapakuwa na chombo cha kurekodi picha nyumbani, kwa hiyo aliyekosa kipindi alikuwa amekikosa. Huku kwetu Zanzibar televisheni ilipoanza katika miaka ya 1970 ilianza moja kwa moja na rangi, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu picha zile za kijivu zinanivuta kiasi hiki: ni hatua ambayo kituo chetu hakikuipitia.

Mchana wote ulikuwa wa michezo. Kipindi cha Grandstand, kilichoanza mwaka 1958, kilichukua saa kadhaa za BBC kikihama kutoka mbio za farasi hadi raga na mingineyo, lakini mechi za ligi ya soka hakikuzionyesha, kwa kuwa viongozi wa ligi waliogopa kwamba viwanja vingebaki vitupu. Soka ilifika nyumbani kama matokeo tu, na hapo ndipo penye kiini cha mchana ule. Mechi zilianza saa tisa alasiri, zikamalizika karibu kwa pamoja, na kamera ikaelekezwa kwenye teleprinta, mashine iliyochapa matokeo herufi kwa herufi: jina la timu mwenyeji, mabao yake, jina la wageni, kisha kingoja-ngoja kifupi kabla ya tarakimu ya mwisho. David Coleman alieleza papo hapo maana ya kila tokeo, timu gani imevunja mwiko na ipi imeteremka kwenye msimamo, kana kwamba jedwali zima la ligi lilikuwa kichwani mwake. Nyumbani watu walikuwa na kuponi mkononi, kwani mamilioni walicheza bahati nasibu ya soka, na katika mchezo ule sare ndizo zilizoleta pointi nyingi. Upande wa ITV, Jumamosi alasiri ilikuwa na mieleka na sauti tulivu ya mtangazaji Kent Walton.

Baada ya matokeo kulikuwa na pengo. Wapenzi wa michezo walikuwa wamemaliza shughuli yao, na vijana walikuwa wakisubiri Juke Box Jury, kipindi ambacho David Jacobs alipiga sahani mpya za muziki na wageni wanne wakatabiri iwapo zitauzwa au la. Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa tamthilia BBC, alitaka hadithi itakayowashika wote wawili, baba na mtoto, wasinyanyuke vitini. Kazi hiyo alimpa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27 katika idara iliyojaa wanaume wakubwa kuliko yeye, na uongozaji wa hadithi ya kwanza ukaenda kwa Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow nchini India, ambaye hakuwa ametimiza miaka 25. Walirekodi katika studio kongwe za Lime Grove, magharibi mwa London, na Newman alipoona sehemu ya kwanza hakuridhika, akaagiza irudiwe yote.

Hiyo ndiyo Doctor Who, hadithi ya msafiri anayevuka nyakati, iliyoanza saa kumi na moja na robo jioni hiyo, ikiwa imechelewa kwa zaidi ya dakika moja. Ninapoitazama leo, huwa narudia mwanzo wake. Yale mawingu meupe yanayojikunjua kwenye giza yalipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye kioo kinachoonyesha picha ya kamera hiyohiyo, hata nuru ikaanza kujizaa yenyewe. Muziki ulitungwa na Ron Grainer, lakini aliyeutia uhai ni Delia Derbyshire, ambaye alirekodi sauti moja moja kwenye kanda, akazikata kwa wembe na kuziunganisha noti kwa noti. Rangi isingeongeza kitu hapo. Kwa kuwa fikra za watu zilikuwa kwingine, na baadhi ya maeneo yalikuwa yamekatikiwa na umeme, BBC iliirudia sehemu hiyo Jumamosi iliyofuata kabla ya kuonyesha ya pili.

Jioni za namna hiyo zilikuwa na Dixon of Dock Green, askari mwema wa mtaani aliyeigizwa na Jack Warner. Zilikuwa pia na aibu yake: katika Jumamosi nyingi za miaka hiyo BBC iliwaonyesha waimbaji wazungu waliojipaka weusi usoni, katika The Black and White Minstrel Show. Mwaka 1967 wapinga ubaguzi walipeleka malalamiko rasmi kutaka kiondolewe, na BBC ikakiacha hadi 1978. Mimi sioni udhuru wowote hapo. Waliambiwa waziwazi, na walikuwa na masikio.

Usiku wa Jumamosi ile ulikuwa wa That Was the Week That Was, kipindi cha kuwakejeli wakubwa kilichoongozwa na David Frost. Watengenezaji wake waliweka kejeli zote pembeni, wakatoa maombolezo ya takribani dakika 20 yaliyoandaliwa kwa siku moja, Millicent Martin akaimba na mwigizaji mkongwe Sybil Thorndike akasoma. Nakala ilipelekwa Marekani, na kituo cha NBC kikaionyesha huko.

Maombolezo hayo yalihifadhiwa, lakini sehemu kubwa ya yaliyoonyeshwa miaka hiyo haikupata bahati hiyo. Kanda za video zilikuwa ghali, mikataba na waigizaji ilibana marudio, na kila aliyekuwa na mamlaka juu ya kabati aliona ni busara kufuta na kurekodi upya. Dixon ilikuwa na sehemu zaidi ya 400, zimebaki makumi machache. Kilichookoa vingi ni biashara ya nje: BBC ilinakili vipindi kwenye filamu ya milimita 16 na kuviuza kwa vituo vya nchi nyingine, na filamu hizo wakati mwingine zilipitishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine bila kurudi London.

Ndiyo maana Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za hadithi mbili za Doctor Who, zilizodhaniwa kupotea, zilizoonyeshwa kati ya Desemba 1967 na Machi 1968, zilikuwa zimepatikana katika ghala la kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. London ilichokifuta, Jos ilikuwa imekitunza, na nasema hivyo kwa fahari kabisa. Katika hadithi mojawapo ya hizo mbili, The Web of Fear, bado inakosekana picha ya sehemu ya tatu. Sauti yake ipo, kwa sababu kuna watazamaji waliokuwa na vinasa sauti vya kanda, ambao Jumamosi ilipoonyeshwa waliirekodi wenyewe nyumbani.