Siku niliyowaona wale wa Titanic, Milwaukee

Kuna siku moja ya mwezi wa nane, kabla korona haijaja, nimeihadithia sana kwa mdomo na kila nikimaliza naambiwa we dada andika hiyo kitu, basi leo naandika. Ni siku niliyoenda Irish Fest, tamasha la muziki wa Waairishi yani watu wa Ireland, hapa Milwaukee, Marekani, nikawaona Gaelic Storm kwa macho yangu. Kama jina halikwambii kitu, hawa ndo wale waliopiga muziki kwenye filamu ya Titanic, na sisemi wale wazee wa suti waliokuwa wanapiga fidla meli inazama, nasema wale wa chini, daraja la tatu, pale Jack anamshusha Rose kwa watu wake na watu wanacheza mpaka jasho linawatiririka.

Kwanza tamasha lenyewe maana nyumbani wengi hawalijui. Linafanyika kila mwaka katikati ya Agosti tangu 1981, linaanza Alhamisi jioni mpaka Jumapili usiku, kwenye uwanja wa Henry Maier ambao uko mwambao kabisa wa Ziwa Michigan, yani ukisimama vizuri huku unaona steji na huku unaona maji hayana mwisho. Mabendi ni zaidi ya mia. Vigogo wa muziki wa Ireland karibu wote wameshapita pale miaka hiyo yote, The Chieftains, Altan, Cherish the Ladies, ukiwauliza watu wa mji huu kila mtu ana mwaka wake anaoulilia. Na steji zinapiga kwa wakati mmoja, kwahiyo unatembea tu, masikio yanakupeleka.

Aliyenisukuma kwenda ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, babu zake walitoka Ireland, miguu ilikuwa imeshamgomea lakini ratiba ya tamasha alikuwa nayo kitandani kaizungushia kalamu. Akaniambia nenda Jumapili asubuhi, kuna misa, ukienda na makopo ya chakula cha kuwasaidia wenye shida unaingia bure. Mimi ni Mhaya, Mkatoliki wa kuzaliwa, ukishanitajia misa umenimaliza. Nikambeba mdogo wangu mmoja wa Uvira, Kongo, tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja, tukabeba maharage ya kopo na tuna, tukapanda basi.

Misa ilikuwa nzuri sana, ya nje, watu maelfu, fidla na filimbi zinaongoza nyimbo, hewa ya ziwa inakupiga usoni. Sitaiongelea sana maana kilichonishika siku ile kilianza baada ya hapo.

Tulipotoka tukawa tunazunguka, tukaingia kwenye hema moja lina meza na kompyuta, watu wamejipanga, nikadhani wanagawa kitu. Kumbe wanatafuta ukoo. Unakaa na mzee mmoja wa kujitolea, unamtajia jina la babu wa babu yako, anakutafutia kwenye orodha za abiria wa meli za zamani, hizo za watu waliokimbia njaa ya Ireland viazi vilipooza miaka ya 1840. Kuna mama mmoja wa makamo alikuwa mbele yetu, mzee akagusa kioo kwa kidole akamwonyesha mstari mmoja, jina, umri, kazi aliyokuwa anafanya, na yule mama akafunika mdomo kwa mikono miwili akaanza kulia. Mstari mmoja tu jamani.

Mzee akatuuliza sisi tunatafuta nani. Nikamwambia hapana sisi tunaangalia tu. Akawa muongeaji, akatuambia mnajua na ziwa hili hapa lina wafu wetu? Akatusimulia habari ya meli ya Lady Elgin. Septemba 1860 Waairishi wa Third Ward, mtaa ulio hatua chache tu kutoka hapo uwanjani, walikodi hiyo meli wakaenda Chicago kutembea, usiku wakati wa kurudi bendi inapiga watu wanacheza dansi, dhoruba imeshaanza, ikaja meli ya matanga imebeba mbao ikawagonga. Watu kama 300 wakafa. Mtaa mzima ukawa msiba nyumba kwa nyumba.

Mimi pale miguu ilikosa nguvu. Mwenzangu akanishika mkono, "Yaya, iko nini?" Yaya kwao ni dada. Nikamwambia tutoke nje.

Sisi tulikuwa tunakaa Mwanza lakini kwetu ni Bukoba. Mei 1996 nilikuwa shule ya msingi. Mamdogo wangu, mdogo wake mama wa mwisho kabisa, alikuwa anakuja kukaa na sisi, kapanda MV Bukoba, kabeba mikungu ya ndizi na senene za kukaanga ambazo mama alikuwa ameziomba. Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 ikiwa inakuja Mwanza. Mamia kwa mamia ya watu. Waliopatikana wengi wakazikwa Igoma, na sisi wetu hatukumpata, si bandarini, si hospitali, mama alienda kila siku na kurudi na kanga ileile mkononi ya kumfunikia. Kitu ambacho hakijawahi kumtoka mama moyoni mpaka leo ni suala la orodha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu hakuna. Mamdogo alikuwa daraja la tatu. Kwahiyo ukitafuta jina lake kwenye karatasi yoyote ya safari ile hulioni, kana kwamba hakupanda.

Ndo maana ile sini ya Titanic kwangu ilikuwa kitu kingine. Kanda ililetwa nyumbani na kaka, nadhani ni miaka miwili mitatu baada ya msiba, mama alipoona ni mambo ya meli akanyanyuka akaenda jikoni. Mimi nikabaki. Na wakati wenzangu wanalilia Jack mimi nilikuwa naomba kaka arudishe nyuma pale kwa daraja la tatu, akodiani inapigwa, ngoma inapigwa, watoto wanazungushwa. Nilikuwa namtafuta mamdogo mle ndani. Nilikuwa mtoto lakini nilikuwa najua nachokifanya, nilitaka kuamini kwamba kule chini usiku ule kabla ya asubuhi ile kulikuwa na watu wanacheka.

Sasa turudi kwenye mabendi.

Kutoka kwenye lile hema tulikaa kwenye nyasi karibu na steji ndogo, na pale kuna mwanamke alikuwa anaimba peke yake, bila ala hata moja, kwa Kiairishi. Jina lake sikulisikia vizuri. Alikuwa kafumba macho, mikono kaishusha tu, anaivuta sauti inapanda inakunjika inateremka na kila mstari anaumaliza kama anaongea, haupambi. Hakuna aliyepiga makofi katikati, hakuna aliyepita. Sikuelewa neno lolote na nililia kuliko nilivyolia miaka mingi. Kwetu Bukoba kuna wazee wa enanga, anakaa na ala yake ya ubao na nyuzi magotini anakusimulia vita na wafalme na misiba ya zamani usiku kucha, na watu wanakaa kimya hivohivo. Nilimuwaza sana babu yangu pale.

Alafu mchana tukawakuta We Banjo 3, vijana wanne kutoka Galway, ndugu wawili wa familia ya Scahill na ndugu wawili wa familia ya Howley. Hapa lazima nisimame kidogo maana banjo ina stori yake. Ile sio ala ya wazungu kwa asili. Ilitokana na ala za Afrika Magharibi, kibuyu kimewambwa ngozi kimetiwa shingo na nyuzi, watu waliouzwa utumwani wakaitengeneza upya huko Karibi na Marekani, na baadae wazungu wakaichukua, na miaka ya 1840 makundi ya wasanii wa Marekani yakaivusha bahari mpaka Ireland. Waairishi wakaifanya yao, nyuzi nne, wanaitega kama fidla ila chini zaidi, na hiyo staili ilipata nguvu sana kupitia Barney McKenna wa bendi ya The Dubliners ya Ireland. Enda Scahill akiipiga vidole huvioni. Sauti zinadondoka moja moja, safi, kwa kasi ya ajabu, alafu ndugu yake Fergal anaingia na fidla juu yake wanafukuzana, David kashika gitaa anaimba, Martin yuko na mandolini, na watu wote wameshasimama. Mdogo wangu wa Uvira ambaye toka asubuhi alikuwa mpole akanigeukia, "Yaya, bale batu habachoke?" na kabla sijajibu kashaingia katikati anacheza, kiuno cha Kongo kwenye banjo ya Galway, na niwaambie ukweli iliingiana kabisa, wamama wa kizungu wakamzunguka wanataka awafundishe.

Jioni ndo Gaelic Storm. Tuliwahi tukapata sehemu karibu na steji. Bendi hii ilianzia baa ya O'Malley's kule Santa Monica, California, mwaka 1996, na wao walikuwa wanapiga tu kwa wateja wa baa mpaka filamu ikawakuta. Mwaka 1996! Nilipoisoma ile kwenye karatasi ya ratiba niliikalia kimya. Mwaka uleule. Wawili wa toka enzi za filamu walikuwa bado wamo, Patrick Murphy wa Cork, anaimba na kupiga akodiani, na Steve Twigger wa Coventry kwenye gitaa. Mpiga ngoma ni Ryan Lacey, na mbele yake kaweka nini, djembe. Akaanza yeye. Ngoma kutoka Afrika Magharibi ndo inaita, akodiani inajibu, alafu fidla, alafu zile zumari za mfuko zinakata hewa mpaka unazisikia kifuani.

Murphy ni mtu wa maneno, anapiga stori anachekesha watu, alafu anakurusha kwenye wimbo hujakaa sawa. Sitaki niongope kwamba walipiga ile ya kwenye filamu kama ilivyo, hata sijui kama niliitambua, ila mwendo ulikuwa uleule, ule wa miguu kugonga mbao. Baba mmoja kambeba bintiye mabegani, vijana wameshikana mikono wanazunguka, wazee wa kofia wanagonga meza. Na nyuma yao ziwa. Mimi nilicheza. Nilicheza na viatu mkononi. Nilikuwa namwambia mamdogo kwa Kihaya, kwa sauti, maana kelele ile nani atakusikia, nikamwambia hawa ndo wale, waone, nilikutafuta kwa hawa.

Na nataka niseme hili maana ndo sababu naandika. Watu wale wote wanaijua Lady Elgin, wanazijua meli za njaa, kwenye hema wanalilia jina moja kwenye kioo, na jioni ileile wanacheza juu ya uleule msiba bila kuona aibu wala kuona wamewakosea marehemu. Kwetu nyumbani MV Bukoba ilikuwa haitajwi. Redio ikigusia kila Mei inazimwa. Mimi nilikua nikijua jina la mamdogo ni kitu cha kunyamaziwa.

Jumapili usiku wanafunga na kitu wanakiita The Scattering, wanamuziki kutoka mabendi mbalimbali wanapanda steji moja wote, mpaka hujui nani wa wapi, fidla nyingi, banjo, filimbi, ngoma za ngozi ya mbuzi zinazopigwa kwa kijiti, wanatoka kwenye wimbo huu wanaingia kwenye ule bila kusimama. Tulikaa mpaka mwisho, basi la mwisho tukalikimbilia.

Nikiwa kwenye basi nikampigia mama, huku ilikuwa inakaribia saa sita usiku, Mwanza kumeshakucha anachemsha chai. Nikamshikamo nikamwambia mama leo nimecheza na mamdogo. Nilidhani atabadilisha mada kama siku zote. Akanyamaza, alafu akasema, huyo alikuwa anapenda ngoma huyo, harusini ilikuwa mpaka avutwe kanga ndo atoke uwanjani, hata siku ya kupanda meli alikuwa anaimba bandarini watu wakamwambia acha kelele. Sikuwahi kuyasikia hayo maishani mwangu. Akaongea mpaka tukafika kituoni, akaongea mpaka salio likakaribia kuisha, hadi rangi ya gauni alilolivaa akanitajia, la kijani.

Alafu akauliza, hao wazungu walikuwa wanapiga nini? Nikamwambia nimerekodi, kuna ya banjo na kuna ya wale wa filamu ya meli. Akasema nitumie zote mbili, na huyo anayepiga ngoma muandikie jina lake vizuri nimuonyeshe kaka yako.