Kibo, magharibi ikiingia

Nimesharudi Dar, nipo kwenye foleni ya Kimara, lakini moyo bado uko Himo. Juzi basi letu lilipata pancha pale, Moshi tunaiona hiyo. Tukashuka, watu wananung'unika. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akaniambia, "Mwanangu, hebu geuka."

Wingu lilikuwa limefunguka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro! Theluji imegeuka rangi ya papai bivu, Mawenzi pembeni imechongoka, tayari nyeusi. Volkano iliyolala, mita 5,895, na mimi miaka yote naiona kwenye kalenda tu. Jamani, nchi yetu! Simu niliiacha mfukoni. Tulisimama kimya, mama yule na mimi, mpaka weupe wa mwisho ukafifia na konda akaanza kuita.